Nani Alichimba Udongo

Juzi mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa binti yangu mkubwa, alinikasirisha hata chai nikaiacha ikapoa. Alikuja na rafiki zake wawili kutoka mjini, vijana safi, mashati yamepigwa pasi. Wakaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikawaitikia, nikarudi kwenye mboga nilizokuwa nachambua barazani. Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, huku akiupigapiga ukuta wa nyumba yangu kwa kiganja kama dalali wa ng'ombe: "Hii ni nyumba ya Mjerumani hii. Ndiyo maana mpaka leo ipo. Wale watu walikuwa hawabahatishi."

Nyumba ya Mjerumani! Nikamwuliza pale pale, mbele ya wageni wake, Mjerumani gani. Akacheka. "Si wale wa zamani, bibi. Kila mtu anajua." Nikamwuliza kila mtu ni nani. Akawaonyesha wenzake ule ufa uliotokea kwenye kona ya nyuma wakati wa masika, akasema itabidi azibe kwa simenti, maana matofali kama haya hayapatikani tena, Wajerumani wameondoka na ujuzi wao.

Nilitamani kumrushia ungo. Mtoto amelala katika nyumba hii tangu hajui kutambaa, amejitia masizi ya jiko la nyumba hii usoni, leo anaigawa kwa watu waliopita njia. Na si yeye peke yake. Kule mjini Morogoro ukiuliza njia ya kupanda huku kwetu, watakwambia nenda mpaka uione nyumba ya Mjerumani, kisha pinda. Bendera imebadilika mara mbili tangu wale watu waondoke, lakini nyumba ya mama yangu bado wameishikilia wao.

Basi nimeamua kuandika. Herufi nilifundishwa misheni nikiwa msichana, na mkono wangu haujaanza kutetemeka.

Nyumba yenyewe si ya kutangaza. Ina vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati, na baraza linalotazama bondeni. Madirisha ni madogo, kwa sababu baba yangu aliogopa kwamba tundu kubwa litadhoofisha ukuta. Matofali hayalingani, mengine ni mekundu, mengine yameungua yakawa meusi upande mmoja, na yamepandanishwa kwa udongo mtupu. Zamani iliezekwa kwa nyasi, mabati yamekuja baadaye. Mtu akipita haraka atadhani ni ghala. Lakini ilikuwa nyumba ya kwanza ya matofali katika mteremko wetu ambayo haikuwa ya misheni wala ya boma. Ilikuwa ya mwanamke wa Kiluguru aliyechoka na tope.

Mama alikuwa amechoka kweli kweli. Nyumba zote za wakati huo zilikuwa za fito na udongo, na huku kwetu Uluguru mvua haina adabu. Kila masika ukuta wa upande wa mlima ulikuwa unalainika, unashuka, fito zinabaki nje kama mbavu. Masika yakiisha mama na dada yake walianza upya kukanda na kukandika, na wanaume wakisema nyumba imependeza. Mama alikuwa akijibu kwamba anayesema imependeza aje aikandike yeye mwaka kesho. Mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Baba alikuwa anafanya kazi misheni, kwenye kundi lililokuwa linafyatua matofali ya kanisa. Hakuwa mtu wa ukoo wetu, bila shaka. Alikuja kuoa kwetu akakaa kwetu, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama wanaume wengi walivyofanya. Siku moja alirudi na tofali moja lililovunjika pembe, akampa mama alitumie kuwa figa la tatu, kwa kuwa moja la mafiga yetu lilikuwa limepasuka. Tofali likakaa jikoni nje, likachomwa moto kila siku, likanyeshewa masika yote. Mvua ilipokwisha, mama alilibeba, akalisugua, akalitazama pande zote. Halikuwa limelika hata kidogo.

"Hiki kitu kinatengenezwa kwa nini?" akamwuliza baba.

"Kwa udongo," baba akasema. "Udongo tu, na moto."

"Kama chungu?"

"Kama chungu."

"Basi mimi nataka nyumba ya chungu," mama akasema.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, na msomaji alishike, kwa sababu kila kilichofuata kimesimama juu yake. Udongo wa vyungu kwetu ulikuwa unatoka katika shimo moja, chini bondeni, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Waliochimba pale ni wanawake wa ukoo tu. Mwanamume hakanyagi. Ulikuwa mwiko, na si mwiko wa kutishia watoto: ilijulikana kwamba mwanamume akikanyaga shimoni, vyungu vya mwaka mzima vitapasukia motoni, vya wanawake wote wa mteremko. Njiani kabla ya kufika shimoni kuna jiwe bapa, kubwa, lililolala kama mkeka. Mwanamume aliyetumwa kubeba udongo aliishia pale. Misheni walikuwa na udongo wao kando ya mto, na huko wanaume walichimba walivyotaka, lakini ule haukuwa na mwiko wa mtu. Huku kwetu ilikuwa habari nyingine.

Kwa hiyo udongo wa nyumba hii ulichimbwa na mama, dada yake, mimi, na wanawake wengine wa ukoo walipopata nafasi. Nilikuwa nimeanza kuota meno ya pili. Kazi yangu ilikuwa kujaza vikapu vidogo na kupandisha hadi kwenye jiwe. Baba alikuwa anatusubiri pale juu ya jiwe akitoka misheni, kikapu kitupu mkononi, haoni kinachoendelea chini. Alikuwa anachoka kusubiri, anapaza sauti: "Enyi wanawake, mnachimba udongo au mnachimba maneno?" Na mama anamjibu kutoka shimoni: "Ukiona tunachelewa, njoo uchimbe mwenyewe!" Wanawake wote wanaangua kicheko, kwa sababu hawezi. Aliwahi kudondosha kofia yake ikabiringika mbele ya jiwe, si mbali, fimbo ingeifikia. Hakuifuata. Alisimama kichwa wazi juani mpaka mimi nikaja nikamwokotea.

Udongo ukifika juu tuliukanyaga kwa miguu, tukauchanganya maji, ukalala. Baba alifyatua kwa kalibu, kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, alichokitengeneza mwenyewe kwa ubao wa sanduku la misheni. Matofali yalikauka chini ya majani ya migomba. Mara moja mvua ya ghafla ilitukuta hatujafunika, safu nzima ikarudi kuwa tope, na mama akalia, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Tanuri la kwanza lilitutia aibu. Wanawake wenzake mama walileta vyungu vyao vikaokwe humo humo, ili wasipoteze kuni, na tulipolifungua, vyungu vingi vilikuwa vimepasuka, na matofali nusu. Wote waligeuka wakamtazama baba. Naikumbuka hofu iliyomwingia usoni. Aliapa kwa kila kitu alichokuwa nacho kwamba hajawahi kuvuka jiwe, akaniita mimi nitoe ushahidi wa kofia, nikatoa. Baadaye ikaonekana kuni zilikuwa mbichi. Tanuri la pili lilitoka vizuri, vyungu na matofali, lakini kuna wanawake waliokaa muda mrefu wakimwangalia kwa jicho la pembeni.

Hivyo ndivyo ilivyojengwa. Baba alipanga kuta mwenyewe, jioni kwa jioni, na alizipanga vizuri. Sitamnyima haki yake. Watu wakaiita nyumba ya mama fulani, yaani mama yangu, na hapakuwa na ubishi.

Ilikuwa imekwisha kabla malkia mzee wa Waingereza hajafa. Najua kwa sababu tulikuwa tumekaa kwenye baraza hili hili mchuuzi wa nguo aliyetoka pwani alipotuletea habari hiyo, kwamba Unguja yote inamzungumzia. Mama akauliza nani amemrithi. Mchuuzi akasema mwanawe wa kiume. Mama akauliza, hakuwa na binti? Mchuuzi akasema anao, tena yule wa kwanza kuzaliwa ni binti. Mama akashika kiuno. "Basi wamemdhulumu yule binti," akasema, na siku nzima alikuwa anamsikitikia mtoto wa malkia kama jirani yake.

Usimcheke. Kwetu mali ya mwanamke inakwenda kwa binti zake, na mwanamume anarithiwa na mtoto wa dada yake. Mpwa anachukua vitu vya mjomba, anachukua jina lake, anaitwa kwa jina hilo, na pamoja na jina anabeba kila kitu marehemu alichoacha, sifa zake na makosa yake. Mtu akidaiwa fidia kwa kosa lake, mrithi ndiye anayelipa. Ndiyo sheria tuliyoikuta.

Baba alikufa mwaka uliofuata. Boma walikuwa wanataka wapagazi wa kupeleka mizigo Kisaki, na askari walipita wakikusanya wanaume bila kuuliza nani ana kazi na nani hana. Misheni hawakumtetea. Alirudi na homa, ngozi imemshika mifupa, akalala katika chumba cha mkono wa kulia, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta kwa sababu ulikuwa baridi. Alifia hapo. Mpaka leo nikilala chumba kile nauwekea ukuta mkono.

Wapwa zake wakaja msibani. Walikuwa wawili, watu wa mjini, wanaofanya kazi karibu na boma. Mkubwa ndiye aliyekuwa mrithi. Walilia vizuri, nakubali. Lakini kilio hakijaisha wakaanza kuitazama nyumba. Nilimwona yule mkubwa akikwaruza tofali kwa ukucha.

Zamani hili lisingekuwa neno. Mwanamume aliyekaa kwa mkewe akifa, nyumba ilibaki pale pale kwenye ardhi ya ukoo wa mke, na mvua mbili tatu ikawa imekwisha. Hakuna aliyegombania nyumba, kwa sababu nyumba haikuwa kitu cha kudumu. Wazee wetu hawakutuachia neno juu ya nyumba isiyoanguka. Wanaume wakakaa kikao chini ya kivuli cha baraza la mama yangu, na mama yu ndani, amefunikwa nguo ya msiba, haruhusiwi kutoka wala kusema na mwanamume. Alikuwa anasikia kila neno kupitia dirisha dogo. Nami nilikuwa naye.

Mpwa mkubwa akasema ardhi haitaki, ardhi ni ya wenyewe. Anachotaka ni vitu vya mjomba wake. "Matofali ni kazi ya mikono ya mjomba," akasema. "Tutayabomoa, tutayabeba, tutajenga mjini." Na mjomba wetu sisi, kaka yake mama, aliyekuwa mndewa, yaani mkuu wa ardhi ya ukoo, akakohoa, akazungukazunguka, akasema kwamba kweli, ukiangalia, ardhi ni ya huku na matofali ni ya kule. Wakakubaliana! Ardhi ibaki, nyumba iende. Wakapeana mikono kama watu waliofanya la maana.

Mpaka leo sijamsamehe mjomba kwa kikohozi kile. Alikuwa anataka amani. Kila mara mwanamume akitaka amani, nimeona, anaitafuta kwenye kitu cha dada yake. Mama hakulia. Alikaa ametazama ukuta, mikono miwili juu ya magoti.

Kesho yake asubuhi wale wawili walifika na majembe na kamba, wakaanza kushusha nyasi za paa. Mama bado yu ndani. Vumbi la nyasi lilikuwa linatuangukia vichwani, juu ya mfiwa, ndani ya nyumba ya msiba.

Aliyetuokoa ni mtani. Wasiotujua huenda wasielewe: kila ukoo una ukoo mwingine wa watani wake, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, kufanya lolote, kumdhihaki hata marehemu, na hakasirikiwi. Mtani wetu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameshaanza vituko vyake. Alichukua tofali lililoanguka kutoka juu ya ukuta, akalitwika kichwani, akawa anazunguka uwanja mzima akilalamika: "Jamani, marehemu mzito! Nimpeleke wapi? Mjini kuna nafasi?" Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Hata wapwa walicheka, juu ya paa.

Mama akanivuta sikio, akaninong'oneza neno, akanituma. Nikatoka nikamwinamisha mtani nikampa lile neno. Akaja akasimama chini ya ukuta, tofali lingali kichwani, akapaza ile sauti yake.

"Ninyi warithi huko juu! Mwenye nyumba ananituma niwaulize. Mjomba wenu alichimba udongo?"

Mpwa mkubwa akajibu bila kufikiri, jembe mkononi. "Alichimba, ndiyo. Nani mwingine? Nyumba aliijenga yeye."

"Aliuchimba wapi?"

"Huko bondeni kwenu."

Kicheko kikakatika. Wanawake waliokuwa jikoni waliacha miko ndani ya sufuria wakatoka. Mmoja wa wale wa jicho la pembeni akasema polepole kwamba basi vile vyungu havikupasuka kwa kuni mbichi. Mwingine akaanza kutaja vyungu vyake alivyopoteza mwaka ule. Mjomba wetu naye akapata uti wa mgongo ghafla, akainuka kutoka kwenye kigoda.

"Unasema shemeji yangu alikanyaga shimo la wanawake?"

Mpwa akateremka paani. Alikuwa mtu wa mjini, amekulia kando ya boma ambako udongo ni udongo tu, lakini mama yake alimfundisha vya kutosha kuelewa alichokisema. Alikuwa amemsingizia kuvunja mwiko marehemu aliyeushika hata kofia yake ilipoanguka. Tena jina la marehemu lilikuwa linakuja kwake yeye, siku ya kumaliza msiba, na kosa lingekuja pamoja na jina. Kila mwanamke wa mteremko aliyepasukiwa chungu angemjia kudai fidia.

"Hapana," akasema. "Nimekosea. Mjomba hakuchimba. Hakuwahi kufika pale."

Mama akagonga ukuta kwa ndani. Mtani akasogea dirishani, akasikiliza, akarudi.

"Mwenye nyumba anauliza. Kama hakuchimba yeye, nani alichimba udongo?"

Ndugu mdogo alikuwa anazungusha kamba mkononi.

"Sema kwa sauti, mrithi. Marehemu anasikia, na mimi shingo inaniuma."

"Wanawake," akasema.

"Wanawake gani?"

"Wanawake wa ukoo huu."

"Ahaa," mtani akasema, akalishusha tofali, akapanda juu ya kinu akalirudisha pale lilipotoka, akalipiga ngumi likae. "Basi chukueni ya mjomba."

Wakapewa upinde wake, jembe lake, kanzu yake ya kanisani. Mama alitoa na kalibu, kwa mkono wa mtani. Ilikuwa yake kweli, aliitengeneza yeye. Wakaondoka nayo mjini, na kwa nijuavyo mimi hawakufyatua hata tofali moja. Paa tuliliezeka upya sisi.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika habari njema. Lakini bado sijafika kwa Mjerumani, na yeye ndiye aliyenitoa kwenye chai.

Alikuja miaka michache baadaye, walipokuwa wanapima njia ya reli kuja Morogoro. Alikuwa mpimaji, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu. Homa za bondeni zilimchosha, na boma wakatafuta mahali penye hewa, wakaona nyumba yetu. Askari alikuja asubuhi akasema tutoke. Hakusema kwa nini wala kwa muda gani. Mama na sisi binti zake wawili, mimi na mdogo wangu, tukahamia jikoni, kibanda cha fito na udongo, na masika yakatukuta humo, na ukuta ukashuka kama zamani. Mama alikuwa anatazama tope limemfika kwenye vidole vya miguu, na ng'ambo ya uwanja mgeni amelala pakavu ndani ya udongo tuliochimba sisi. Sijui kama kuna maneno ya hasira ile. Alikuwa anatwanga mtama kinuni mpaka mchi ukapasuka.

Yule mtu hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alitupa sukari mara moja. Lakini hakujenga kitu. Alipigilia misumari ukutani atundike kofia na chandarua, matofali mawili yakapasuka, na ndiyo michango yake. Ah, na chokaa. Aliagiza vibarua wapake ukuta wa mbele chokaa, kwa sababu, walisema, ule wekundu ulikuwa unamtia joto machoni. Ikawa nyeupe, inaonekana kutoka mjini, nukta nyeupe juu ya mlima. Watu huko chini wakawa wananyoosha kidole: kule kwa Mjerumani.

Alipoondoka, mama hakungoja hata jua lipande. Alitugawia vipande vya majembe tukakwangua chokaa yote, siku nzima, nyuso zetu nyeupe kama mizimu. Ukuta ukarudi wekundu wake. Chokaa ilitoka, jina halikutoka. Mama aliishi mpaka Waingereza wakazeeka hapa, na kila mtu aliyepita akasema nyumba ya Mjerumani alimwuliza swali lile lile, nani alichimba udongo, na watu wakadhani bibi kizee amechanganyikiwa. Alikufa wakimwita mama wa pale kwa Mjerumani. Walimzika kwa jina hilo. Hilo ndilo linalonichoma. Alishinda kikao cha wanaume akiwa amefunikwa nguo ya msiba, kisha akashindwa na ndoo ya chokaa.

Haya yote nilimsomea mjukuu wangu usiku mmoja, nilipofika hapa. Alisikiliza, akaniambia, "Sasa bibi, ushahidi uko wapi?" Nikamwambia ushahidi uko kwenye ufa. Hakuna simenti itakayogusa nyumba hii. Atengeneze kalibu, tutafyatua.

Jumamosi tuliteremka bondeni, mimi na binti yangu na wajukuu zangu wawili wa kike, magoti yangu yananilaani kila hatua, na yeye nyuma yetu na kikapu, ananung'unika kwamba simenti ingekuwa imeshakauka. Tulipofika kwenye jiwe nikamwambia asimame.

"Kwa nini?"

"Babu wa mama yako aliishia hapo."

Akataka kucheka, akanitazama, akaacha. Tukashuka shimoni. Nyasi zilikuwa zimeota, tulizikata, na chini yake udongo ulikuwa ule ule, mweusi, unanata. Nilipiga magoti nikaingiza mikono. Baada ya muda nikasikia sauti njiani juu. Alikuwa mmoja wa wale rafiki zake wa mashati ya pasi, anampitia. Akamwuliza anafanya nini amesimama juu ya jiwe na kikapu kitupu.

"Nangoja udongo," mjukuu wangu akasema.

"Si uende ukachimbe?"

"Siruhusiwi kupita hapa. Wanaochimba ni wao. Tunatengeneza nyumba ya mama yake bibi."

Nilikuwa chini shimoni, udongo umenifika kwenye viwiko, na nilisikia kila neno. Sikuinua kichwa, wajukuu wasione uso wangu. Nikaendelea kuchimba.